Shaabani Ipi? Juu ya Tarehe na Mapengo katika Wasifukazi

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa njema zote zamstahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na sahaba zake. Ama baad.



Jumanne iliyopita, baada ya sala ya Alasiri, alinijia mama mmoja wa mtaani kwetu akifuatana na binti ya kakaye. Waliketi barazani, tukajuliana hali, kisha yule mama akatoa bahasha chini ya buibui lake na kuniwekea juu ya jamvi. Ndani mlikuwa na wasifukazi, ile karatasi ambayo vijana wetu huiita sivii, na kipande cha gazeti chenye tangazo la kazi ya karani wa hesabu.

"Maalim," akasema, "nimekuja kwa jambo la barua. Nataka uniandikie kwamba nimesomesha chuoni kwako kila siku tangu mwezi wa nne mwaka wa 2021."

Nikaisoma ile karatasi. Iliandikwa kwamba alikuwa karani katika kampuni ya kutoa mizigo bandarini tangu mwaka wa 2011 hadi 2021, kisha mwalimu wa madrasa tangu 2021 hadi leo. Miaka yote imejaa, hapana hata upenyo wa sindano. Nami namjua mama huyu. Najua kwamba aliacha kazi ile zamani, alipokuwa na mimba ya mtoto wake wa pili. Najua kwamba mumewe alipatwa na maradhi mwaka wa 2019 akamuuguza mpaka alipofariki, Mungu amrehemu, mwanzoni mwa mwezi wa tatu mwaka wa 2021. Nilikuwako mazikoni.

Nikamuuliza, "Mwanangu, mwezi wa nne wa mwaka huo ulikuwa wapi?"

Akainamisha kichwa. "Nilikuwa ndani ya eda, Maalim."

"Basi ulikuwaje ndani ya eda, na papo hapo ukawa darasani kwangu kila siku?"

Yule binti akacheka kwa haya, na mamake mdogo naye akacheka, ingawa machozi yalikuwa karibu. Binti ndiye aliyeiandika karatasi ile. Amesoma, ana shahada, na hakuwa na nia mbaya. Aliniambia kwamba kampuni ile ya mizigo ilikwisha fungwa na hapana atakayeulizwa, kwamba waajiri wakiona miaka mitupu huitupa karatasi bila ya kuisoma, na kwamba kila mtu hufanya hivyo. La kwanza huenda ni kweli. La pili lina ukweli ndani yake. La tatu ndilo lililonifanya nichukue kalamu wiki hii, kwa sababu wiki haipiti ila huletewa barua ya namna hii niitie sahihi, na najua walimu wenzangu wa vyuo na maimamu wa misikiti hali yao ni hiyo hiyo.

Nami si msafi katika jambo hili. Miaka kadhaa iliyopita kijana mmoja aliniletea barua iliyokwisha chapwa, akaniomba sahihi na muhuri wa madrasa. Nilikuwa na haraka ya kwenda mazikoni, nikatia sahihi bila ya kutazama tarehe. Mwezi haujesha, nikapigiwa simu kutoka katika ofisi moja: "Shekhe, huyu kijana alianza kusomesha kwenu mwezi gani?" Sikujua la kusema. Nikababaika, nikataja mwezi usiokuwamo katika barua, na kijana akaikosa kazi ile. Jambo linaloniuma ni kwamba alikuwa amesomesha kweli, mwaka na miezi miwili, lakini barua ilisema miaka mitatu. Lau ningaliandika ule mwaka na miezi miwili, sina shaka ningalimfaa zaidi. Tangu siku hiyo madrasa yetu ina daftari la walimu, lenye siku ya kuingia na siku ya kutoka.

Jambo la tarehe si dogo katika dini yetu, wala halikuletwa na makampuni. Imepokewa kwamba Bwana Umar bin Al-Khattab (R.A.) aliletewa hati ya deni iliyoandikwa kwamba litalipwa Shaabani, naye akauliza: Shaabani ipi? Hii tuliyo nayo, iliyopita, au ijayo? Katika zama zake ndipo Waislamu walipokubaliana kuhesabu miaka kwa Hijra ya Mtume (S.A.W.). Na kabla ya hapo, aya ya 282 ya Suratul Baqara, ambayo ndiyo aya ndefu kuliko zote katika Qurani, ilikwisha waamrisha waumini kuandika madeni yao pamoja na muda wake, likiwa deni dogo au kubwa, na kwamba mwandishi aandike kwa uadilifu.

Wanazuoni wa hadithi nao walizifanya tarehe kuwa mizani ya kumpimia msimulizi. Imam Bukhari, kabla ya kujulikana kwa Sahihi yake, alitunga kitabu kikubwa cha wapokezi alichokiita Al-Tarikh al-Kabir. Na kiko kisa mashuhuri cha Ismail bin Ayyash, ambaye aliambiwa kwamba yuko mtu huko Iraki anayesimulia kutoka kwa Khalid bin Ma'dan. Akamwendea, akamuuliza ni mwaka gani alipoandika kwa Khalid. Mtu akajibu: mwaka wa 113. Ismail akamwambia kwamba basi anadai amemsikia Khalid miaka saba baada ya kufa kwake, kwa maana Khalid alifariki mwaka wa 106. Hapakuhitajika kiapo wala mashahidi.

Sasa, nataka msomaji anielewe vizuri hapa, kwani ndipo penye faida. Wanazuoni hao hao walitofautisha baina ya sanadi iliyokatika na hadithi ya kubuni. Mapokezi ambayo katikati yake pamekosekana mtu huitwa munqati'. Ni dhaifu, lakini aliyeyapokea haitwi mwongo kwa sababu hiyo, na yakipatikana mapokezi mengine ya kuyatia nguvu hupanda daraja. Ama yule aliyetunga jina la kuziba pale mahali patupu, hadithi yake ni maudhu'u, haisimamishwi na chochote, na kila alilolisimulia kabla yake hutiwa shaka. Baina ya wawili hao yuko yule afanyaye tadlisi: hasemi uongo wa wazi, bali hutumia lafudhi ya kumfanya msikilizaji adhani kuwa amemsikia mtu ambaye hakumsikia. Huyo hawakumtupa moja kwa moja, lakini hawakumkubalia neno mpaka aseme waziwazi, "nimesikia."

Pengo katika wasifukazi ni sanadi iliyokatika. Anayeongeza miaka sita katika kazi aliyokwisha iacha ametunga msimulizi. Na tadlisi katika wasifukazi ndiyo hii iliyoenea: mtu amefanya kazi tangu Desemba 2018 hadi Januari 2020, yaani miezi kumi na minne tu, naye akaandika "2018 – 2020". Kila tarakimu ni kweli, na msomaji ameondoka akidhani ni miaka miwili, pengine mitatu. Wako wanaosema hii si kitu, na baadhi ya wanaofunza vijana kuandika wasifukazi huwapa hila hii kama ufundi. Mimi sikubaliani nao. Fomu ikiuliza mwaka peke yake, jibu mwaka peke yake, hujamhadaa mtu. Kazi ikiwa ni ya miaka kumi na mitano nyuma, mwaka watosha, nani akumbukaye mwezi? Lakini tangazo likitaka miezi, au pengo likiwa la karibuni na wewe umeacha miezi kwa makusudi ya kulifunika, basi rudi kwa Ismail bin Ayyash. Mwenye kusaili atakuuliza swali lile lile, naye atakuwa na kalamu mkononi.

Na kwa nini iwe dhambi? Kwa sababu ajira ni mkataba. Mwajiri ananunua manufaa ya kazi yako, na uzoefu ni sifa ya kile anachokinunua, naye huongeza au kupunguza ujira kwa hesabu ya miaka. Nyote mnakijua kisa cha Mtume (S.A.W.) alipopita sokoni akatia mkono katika lundo la nafaka, vidole vyake vikakuta unyevu chini. Mwenyewe akasema imenyeshewa na mvua. Mtume akamuuliza mbona hakuuweka unyevu ule juu watu wakauona, kisha akasema maneno makali juu ya mwenye kughushi. Tazameni kwamba mvua haikuwa kosa la yule mwuzaji, wala hakulaumiwa kwa nafaka yake kulowa. Vivyo hivyo hapana amlaumuye mwanamke kwa mumewe kuugua.

Serikalini nako mambo hayalali. Mwaka wa 2024 Tume ya Utumishi wa Umma ilitoa ripoti ya ukaguzi wake, na vyeti vilivyogunduliwa kuwa vya kughushi vilizidi 2,000. Tume ya Maadili na Kukabiliana na Ufisadi imekuwa ikiwapeleka mahakamani watu wa namna hiyo ikitaka warejeshe mishahara waliyoila. Hivyo ni vyeti, si tarehe, lakini mlango ni ule ule, na mtu huanza kwa miezi michache.

Tuje sasa katika kuandika kwenyewe.

Andika mwezi na mwaka wa kuanza, mwezi na mwaka wa kumaliza, kwa sura moja tangu juu hadi chini: "Juni 2011 – Desemba 2015." Usichanganye, hapa mwezi, pale mwaka mtupu, maana jicho la msomaji huenda moja kwa moja pale palipobadilika. Kazi ya karibuni iwe juu. Siku za mwezi hazihitajiki. Na kazi uliyo nayo bado, andika "hadi sasa", wala usiendelee kuandika "hadi sasa" katika kazi uliyoiacha mwezi uliopita kwa kuwa hukuifanyia karatasi marekebisho. Kosa hili nimeliona mara nyingi, hata kwa watu waaminifu.

"Na kama sikumbuki?" yule mama aliniuliza. Alikumbuka tu kwamba aliacha kazi Mfungo Sita, siku chache baada ya Maulidi, mwaka wa 2015. Nikacheka, nikamwambia Bwana Umar angalimuuliza: Maulidi ipi? Kwa maana mwaka wa 2015 ulikuwa na Maulidi mbili, moja siku za mwanzo za Januari na nyingine mwishoni mwa Desemba, kwa kuwa mwaka wetu wa mwezi mwandamo ni mfupi kuliko ule wa jua kwa siku kama kumi na moja. Baina ya Maulidi hizo mbili pana karibu mwaka mzima wa kazi. Tulitazama cheti cha kuzaliwa cha mtoto wake wa pili: Februari 2016. Basi ni Maulidi ya Desemba. Na alipokwenda kuomba taarifa ya michango yake katika Hazina ya Taifa ya Hifadhi ya Jamii, ile NSSF, akakuta mchango wa mwisho wa mwajiri wake ni wa Desemba 2015. Kumbe binti alikuwa anataka kumwongezea miaka ya uongo, ilhali yeye mwenyewe alikuwa karibu kupoteza mwaka wa haki.

Hiyo taarifa ya NSSF ni hazina kwa mtu aliyesahau, maana huonyesha mwezi kwa mwezi nani alikuchangia. Taarifa ya benki ya wakati huo husaidia, na ile fomu ya kodi ya P9 ambayo mwajiri hutoa kila mwaka husaidia pia. Lakini kilicho bora kuliko vyote ni cheti cha utumishi. Kifungu cha 51 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinamlazimisha mwajiri kumpa mfanyakazi anayeondoka cheti chenye jina la mwajiri na anwani yake, jina la mfanyakazi, tarehe ya kuanza, aina ya kazi na mahali pake, na tarehe ya kumaliza, isipokuwa kama kazi haikufika wiki nne mfululizo. Halazimiki kukusifu, lakini tarehe ni haki yako. Anayekataa, au anayetia ndani yake jambo analojua kuwa si kweli, anaweza kutozwa faini hadi shilingi 100,000 au kifungo hadi miezi sita.

Hapa nina neno na waajiri wenzetu Waislamu, wenye maduka, mahoteli, majumba ya kushona na shule. Wangapi kati yenu mmewahi kumpa binti wa dukani cheti hicho? Amekaa na ufunguo wa sanduku lako la pesa miaka mitano, ameolewa, ameondoka na zawadi ya doti ya leso na dua njema, lakini karatasi hana. Kesho akisema alikuwa mhasibu wa duka, hapana wa kumwamini. Aya ile ile ya deni imewakataza mashahidi wasikatae wanapoitwa. Nasi wa kamati za madrasa tusijione tumesalimika. Walimu wetu wengi hawamo NSSF wala popote, na wasipoandikwa katika daftari zetu, basi kazi yao haijulikani ila kwa Mola wao.

Nirudi kwa mapengo, kwa kuwa wengi wenu mnaonisoma mnayo, na kila pengo lina namna yake.

La kwanza si pengo kabisa. Aliyekwenda likizo ya uzazi, ile ya miezi mitatu yenye mshahara kamili, akarudi kazini kwake, hana haja ya kuitaja. Mkataba haukukatika hata siku moja. Vivyo hivyo mjane ambaye mwajiri wake alimpa ruhusa ya eda, miezi minne na siku kumi, na kazi yake ikamngoja. Nimeona karatasi ya mwalimu mmoja aliyejikata mwenyewe mara tatu, kila mtoto na pengo lake, na hali alikuwa katika shule moja miaka tisa bila ya kutoka.

Aliyeacha kazi ili alee, aandike hivyo, katika mstari mmoja, bila ya kuomba radhi: "Ulezi wa watoto nyumbani," na tarehe. Qurani imetaja miaka miwili kamili ya kunyonyesha kwa atakaye kuitimiza. Mtu asione haya kuandika jambo ambalo Mola wake amelitaja. Lakini asilipambe. Nimesikia siku hizi wako wanaofunza mama ajiite mkurugenzi wa nyumba, meneja wa bajeti ya familia na kadhalika. Huo ni mzaha, na msomaji wa karatasi atauona kuwa ni mzaha. Ulezi una heshima yake kwa jina lake.

Uuguzi nao ni mstari mmoja: "Kumuuguza mzazi," au "Kumuuguza mgonjwa wa familia." Maradhi gani, hospitali gani, hayamhusu mtu. Wala usiandike maradhi yako mwenyewe. Ikiwa uliugua ukapona, yatosha kusema uliacha kazi kwa sababu za afya na sasa uko tayari.

Waliokuwa mahotelini, kuanzia Malindi hadi Diani, wana aina mbili. Iko miezi ya baada ya Machi 2020, korona ilipoingia nchini na mahoteli yakafunga milango. Hapo hapahitaji maelezo marefu, kila mwenye kusaili alikuwako duniani. Na iko kazi ya msimu, ambayo mtu huajiriwa watalii wanapokuja na kuachwa mvua za masika zinapoanza, kisha akarudishwa. Akiandika kila msimu peke yake karatasi itaonekana kama jamvi lililoliwa na panya. Na aandike mara moja: jina la hoteli, kazi yake, "kazi ya msimu, misimu minne, 2015 – 2019", kisha chini yake miezi ya kila msimu kwa ufupi. Ukweli umetimia na sura imetengenea.

Kina dada waliorudi kutoka Ghuba, hasa Saudia, wengi huificha miaka ile kabisa. Wanaona haya kuandika kwamba walikuwa wafanyakazi wa nyumbani, au waliondoka kabla ya mkataba wa miaka miwili kwisha kwa sababu ya mateso, na hawataki kuulizwa. Kwa hiyo wanaacha shimo kubwa katikati ya karatasi, na shimo lile ndilo linalozua maswali. Dada yangu, andika: "Mhudumu wa nyumbani, Riyadh," mwezi na mwaka wa kwenda, mwezi na mwaka wa kurudi. Umejua Kiarabu cha nyumbani, umetunza watoto au mzee, umesafiri na kurejea. Kama ulirudi kabla ya wakati, karatasi haiulizi sababu. Ukiulizwa ana kwa ana, sema kwamba masharti ya kazi hayakutimizwa ukaamua kurudi. Hadithi yote ni amana yako, mpe umtakaye.

Na wako ambao pengo lao ni la jambo lililo kati yao na Mola wao: kijana aliyekuwa katika kituo cha kutibiwa dawa za kulevya, mama aliyetoka katika ndoa ya mateso, mtu aliyewahi kufungwa. Mamake kijana mmoja aliniuliza kama ni wajibu wa mwanawe kuandika. Jibu langu ni kwamba dini yetu inapenda sitara. Hakuna amri ya mtu kutangaza aibu yake aliyokwisha tubia. Aache miezi ile bila ya kuitaja, karatasi iwe na pengo, na akiulizwa aseme palikuwa na jambo la kifamilia au la afya ambalo limekwisha, ikiwa ndivyo lilivyo. Asichoruhusiwa ni kuliziba kwa kazi ambayo hakuifanya. Na fomu ikiuliza wazi kama amewahi kuhukumiwa, hilo ni swali la moja kwa moja, ajibu kwa kweli au aiache kazi ile atafute nyingine. Najua jibu hili ni zito kwa mama yule. Sikuwa na jingine jepesi.

Upande wa pili, yako mambo ambayo mabinti huyaandika bila ya kuombwa: ameolewa, ametalikiwa, ana watoto wangapi, ana mimba. Yaondoeni. Sheria ile ile ya Ajira, katika kifungu cha 5, imekataza mwajiri kumbagua mtu kwa jinsia yake au mimba. Kutotaja si kuficha aibu ya bidhaa, kwa sababu si sifa ya kazi inayouzwa.

Na kuna kazi ambazo kina mama hawazihesabu kuwa kazi, na hili ndilo lililotutokea barazani. Nilipokataa ile barua, yule mama alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama basi asipoteze nauli yake kupeleka maombi. Nikamuuliza tangu aache kazi bandarini ni nani aliyekuwa akishika daftari la chama cha kina mama wa mtaani. Akasema ni yeye. Tangu lini? Tangu Machi 2016. Wanachama wangapi? Ishirini na wawili. Michango kila wiki, mikopo, marejesho, na hesabu ya mwisho wa mwaka inayosomwa mbele ya wote. Aliwahi kuliacha? Hata ndani ya eda, akasema, mwenzake alimletea pesa na daftari nyumbani akaandika huko.

Yule binti ya kakaye aliacha kucheka. Akachukua kalamu.

Tukaandika upya, pale pale. Karani wa hesabu, Juni 2011 – Desemba 2015. Mweka hazina wa chama cha kina mama, kazi ya kujitolea, Machi 2016 hadi sasa, na chini yake idadi ya wanachama na hesabu anazozishika. Ulezi wa watoto na uuguzi wa mgonjwa nyumbani, Januari 2016 – Desemba 2021. Mwalimu wa kujitolea wa madrasa, Jumamosi na Jumapili, Januari 2022 hadi sasa, kwa kuwa hiyo ndiyo kweli, na daftari letu linaishuhudia. Mistari ya chama na ya ulezi inakwenda sambamba kwa miaka karibu sita, na hapana ubaya: mtu aweza kuwa na mawili kwa wakati mmoja, mradi usiyahesabu mara mbili ukisema una uzoefu wa miaka mingi kuliko uliyoishi.

Binti bado alikuwa na wasiwasi. "Maalim, wengine wakiona miaka sita ya ulezi hawatamwita."

Nikamwambia ni kweli, wako watakaomwacha. Sikuweza kumwapia kwamba ukweli utampa kazi hii. Niliweza tu kumwambia kwamba akiitwa, atakaa mbele ya watu wale na karatasi ambayo kila tarehe yake anaijua, wala hatahitaji kukariri maisha ya mtu mwingine njiani ndani ya matatu. Wako pia maulamaa wa zama zetu walioulizwa juu ya mshahara wa aliyeingia kazini kwa udanganyifu, wakasema hadaa ni haramu na toba ni wajibu, hata kama kazi yenyewe anaiweza na anaifanya vyema. Sasa mjane mwenye watoto watatu wa kuwalisha, kwa nini aanze rizki yake na swali hilo?

Barua yangu ilikuwa na mistari minne. Nilitaja mwezi alioanza kusomesha, siku mbili za juma, darasa la wasichana wadogo, na kwamba hajawahi kukosa bila ya kutoa habari. Nikatia sahihi, muhuri, na nambari yangu ya simu. Ameipeleka bahasha Alhamisi. Hadi naandika maneno haya hajajibiwa, nasi tunamwombea heri.

Wasomaji walioniletea swali la mirathi ya nyumba ya Swahili yenye milango miwili, sijawasahau. In shaa Allah juma lijalo.

Wabillahi tawfiq.